Afya Ni Mzigo wa Nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja mmoja: leo malaria, kesho minyoo, mwezi mwingine lishe ya mtoto. Safari hii tunaomba tukae chini pamoja tujiulize swali lililo nyuma ya magonjwa yote. Mtu anapougua, jukumu ni la nani? Ni lake mwenyewe, au ni la jamii na serikali yake?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anafika zahanati na mtoto mgongoni. Mtoto anaharisha siku ya tatu sasa, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Kabla mtoto hajapewa hata kijiko cha maji, mama anaulizwa kwa ukali: "Huchemshi maji? Nyumbani hamna choo? Mfundishwe mara ngapi ninyi?" Mama anainamisha kichwa, hajibu. Hasemi kwamba maji anayachota bondeni, mwendo wa saa nzima, na kwamba ng'ombe nao hunywa hapo hapo. Hasemi kwamba kuni za kuchemshia anazifuata mbali, wala kwamba choo walichochimba kilititia wakati wa masika na mume yuko machimboni, hajarudi kuchimba kingine. Lakini hata yule anayemgombeza ana yake moyoni. Yuko peke yake zamu nzima, benchi limejaa wagonjwa, na dawa za kumfikisha mwisho wa mwezi zimekwisha katikati.

Je, kosa ni la nani? Wapo watakaosema ni la mama, kwa maana afya ya mtoto iko mikononi mwa mzazi. Wapo watakaosema ni la serikali, kwa maana haikuleta maji. Ubishi huu si mpya. Wazee wetu wa Ngara na Biharamulo waliuishi, ingawa hawakuuita kwa jina hili. Tukiangalia mambo yaliyotupata katika wilaya zetu kwa miaka mia moja na zaidi, tutaona majibu yote mawili yakijaribiwa, na tutaona kila moja lilifikia wapi.

MALALE: MKUBWA ALIPOAMUA PEKE YAKE

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno katika nchi za Maziwa Makuu. Palipobaki bila ng'ombe na bila watu wa kulima, vichaka vilirudi. Pamoja na vichaka walikuja wanyama wa porini na mbung'o, na mbung'o ndiye anayeeneza malale. Baada ya mwaka 1900 ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na ukasogea hadi pande zetu.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, mtu mwenye sifa kubwa duniani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, alifika visiwa vya Sese. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa atoksili, ambayo ndani yake mna aseniki, yaani sumu. Wengi walipata nafuu ya muda. Kipimo cha dawa kilipoongezwa, baadhi yao walipofuka. Wajerumani walifungua kambi ya wagonjwa wa malale pia huku kwetu, huko Kigarama katika nchi ya Kiziba.

Waingereza waliposhika Tanganyika walikuja na njia nyingine, nayo ni kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 familia zilizokuwa zimetawanyika katika nchi ya mbung'o ziliamriwa kuacha maboma yao na kukaa pamoja katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Biharamulo ni mojawapo ya wilaya zilizoguswa na amri hizo.

Tuseme ukweli: njia hii haikuwa ya kipumbavu. Watu wakikaa pamoja na kulima pamoja, vichaka hupungua, na mbung'o hawapendi mahali peupe. Maisha ya wengi yaliokolewa. Lakini gharama yake aliilipa mwananchi ambaye hakuulizwa. Mgomba hauhamishiki kama kiti. Shamba la migomba huchukua miaka kukomaa. Makaburi ya wazee yaliachwa. Na ile nchi iliyoachwa nyuma iligeuka pori zaidi, mbung'o wakapata makao mapana kuliko mwanzo. Hata leo anayepita katika pori la Biharamulo na Burigi, ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, anajua jinsi mbung'o wanavyouma.

Hapa tunapata somo la kwanza. Mkubwa anapojitwika jukumu lote la afya, anaweza kufanya jambo la maana, lakini humgeuza mwananchi kuwa mzigo wa kubebwa huku na huko. Na mtu asiyeulizwa hafundishiki. Akipata nafasi hurudi alikotoka.

WENZETU WALIJIFUNZAJE?

Tusidhani Wazungu walizaliwa wakiyajua mambo haya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa hutokana na hewa chafu, na si wachache waliosema kwamba maskini hufa kwa sababu ya uchafu na ulevi wao. Daktari mmoja, John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu: mnachota maji wapi? Akaona kwamba wengi wa waliokufa walichota kwenye pampu moja, katika barabara ya Broad Street. Mkono wa pampu ile ukaondolewa.

Watu wale hawakuwa na kosa la kunywa maji. Walikunywa maji waliyopewa na mji wao. Dawa ya ugonjwa wao ilikuwa mji kuchimba mifereji ya maji machafu na kuleta maji safi, jambo ambalo hakuna mtu mmoja angeliweza kulifanya nyumbani kwake hata angekuwa msafi namna gani.

Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1848, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitumwa kuchunguza homa kali iliyowaua watu wa Silesia ya Juu, homa inayoletwa na chawa. Alirudi na majibu ambayo serikali yake haikuyapenda. Alisema kwamba watu wale wanahitaji shule, barabara, chakula na uhuru kuliko wanavyohitaji dawa.

MTU NI AFYA: KILA MMOJA NA JEMBE LAKE

Turudi nyumbani. Wazee wetu wenye umri wa miaka sitini na kuendelea wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilikuwa imeamua kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini. Lakini viongozi waliona kwamba zahanati peke yake ni sawa na kuchota maji kwa pakacha ikiwa watu wanaendelea kuugua magonjwa yale yale yanayozuilika.

Basi wananchi waliitwa kukusanyika katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kijitabu cha kusoma, na redio. Wiki baada ya wiki walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasoma, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Kisha, na hili ndilo la maana, waliamua pamoja watafanya nini kabla ya kukutana tena. Huyu achimbe choo, yule afukie dimbwi, wale wafyeke njia ya kisima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika nchi nzima, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki.

Tofauti na malale ni ipi? Katika malale amri ilitoka juu ikateremka. Katika Mtu ni Afya serikali ilileta elimu, redio na wataalamu, na mwananchi alileta jembe na akili yake. Kila upande ulijua sehemu yake.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Vyoo vingi vya mwaka 1973 vilijaa au viliporomoka, na havikuchimbwa vingine. Redio zilinyamaza na vikundi vikatawanyika. Kampeni ni kama moto wa makuti: huwaka sana, lakini usipotiwa kuni nyingine huzimika. Choo kinataka kuchimbwa upya kila kinapojaa, na elimu nayo inataka kurudiwa kila kizazi.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule, yakatangaza kwamba afya ya msingi ni haki ya watu wote, na kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Maneno hayo mawili, haki na wajibu, yaliwekwa pamoja kwa makusudi. Sisi Watanzania tulikuwa tumekwisha kuanza kuyaonja.

UKIMWI: KIDOLE CHA LAWAMA

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Ugonjwa haukuwa na jina. Bukoba waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Tangu siku ile jawabu la watu lilikuwa moja: mgonjwa amejitakia. Hii ndiyo njia ya pili, njia ya kumwachia mtu mmoja mzigo wote.

Ni kweli kwamba mwenendo wa mtu una nafasi kubwa katika ugonjwa huu. Uaminifu katika ndoa ni kinga, kujizuia ni kinga, na hakuna serikali iwezayo kuwa mwaminifu kwa niaba yako. Lakini tuangalie jambo hili. Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima katika mkoa wote wa Kagera. Mjini Bukoba walikuta watu 24 katika kila 100 wana virusi. Bukoba Vijijini na Muleba walikuta 10 katika 100. Karagwe walikuta kati ya 4 na 5. Ngara na Biharamulo, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Chato, hawakukuta hata mmoja katika 100, ilikuwa 0.4, yaani watu 4 katika 1,000.

Je, tuseme kwamba watu wa Ngara na Biharamulo walikuwa watakatifu kuliko watu wa Bukoba? Anayetujua hatakubali! Tulikuwa mbali na mji, mbali na bandari ya ziwa, mbali na mpaka wa Uganda na biashara zake. Barabara ndizo zilizotukinga, kwa ubaya wake. Mtu wa Bukoba aliyekosea mara moja alikutana na hatari kubwa, na mtu wa Rulenge aliyekosea mara kumi huenda hakukutana nayo. Kosa ni moja, adhabu ni tofauti. Na mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe, huyo alikosa nini? Na mtoto aliyezaliwa nao?

Lawama ilifanya kazi moja tu: iliwafanya watu wajifiche. Aliyejificha hakupimwa, na asiyepimwa aliambukiza wengine bila kujua. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Kilichobadili mambo ni pande mbili kukutana. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika mkoa jirani wa Mwanza, ulifanyika utafiti katika jamii 12. Katika nusu yake, vituo vya afya viliimarishwa ili vitibu vizuri kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa: dawa zilipatikana, waganga walifundishwa, watu walihimizwa kuja mapema. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko zile nyingine. Dawa zilipokuwapo na mgonjwa akapokelewa bila kutukanwa, alikuja mwenyewe.

Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Leo mtu anayezimeza kila siku bila kuacha, hadi virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na mama anayezitumia vema anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na virusi. Tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Kuleta dawa hadi Rulenge na Nyakahura ni kazi ya taifa. Kuimeza kila siku ni kazi ya mgonjwa. Kutomcheka anapokwenda kuichukua ni kazi yetu sisi majirani.

BENACO NA GOMA: WATU WALE WALE, MAJI TOFAUTI

Wakazi wa Ngara hawahitaji kuambiwa habari za mwisho wa Aprili 1994. Katika saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakikimbia. Idadi yao ilizidi wenyeji wote wa wilaya. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, ikawa mji mkubwa kwa siku moja. Miti ilikatwa, mashamba yakakanyagwa, bei zikapanda.

Miezi miwili na nusu baadaye, katikati ya Julai, Wanyarwanda wengine zaidi ya 500,000 walivuka upande wa magharibi hadi Goma, nchini Zaire ya wakati ule. Huko kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza peke yake. Maiti zilipangwa kando ya barabara.

Benaco watu walikufa pia, na kila kifo ni msiba. Lakini hatukuona mauaji ya ugonjwa kama ya Goma. Kwa nini? Watu walikuwa wa taifa lile lile, wenye desturi zile zile, waliochoka vile vile. Tofauti haikuwa usafi wa mtu mmoja mmoja. Goma ni nchi ya mawe ya volkeno. Jembe halipenyi, choo hakichimbiki, hata kaburi ni shida. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu bila kutiwa dawa. Walifika wengi zaidi, na misaada iliwakuta wamekwisha kuanza kufa. Benaco udongo ulichimbika, palikuwa na bwawa la maji yaliyoweza kutiwa dawa na kugawanywa, na mashirika ya misaada yalikuwa karibu tayari, kwa sababu ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwishoni mwa 1993.

Yeyote anayesema kwamba wanaokufa kwa kuhara ni wachafu tu, na ayatafakari haya. Mtu msafi kabisa akiwekwa juu ya mwamba bila maji atakuwa mchafu kwa siku tatu.

Lakini tukumbuke upande wa pili. Maji yale yaliyotiwa dawa yalipotoka bombani yaliingia katika ndoo ya mtu. Ndoo ikiwa chafu, dawa imepotea. Choo kilichochimbwa na shirika hakisaidii ikiwa mtu atajisaidia kando yake. Jamii hufungua mlango, lakini kila mtu hana budi kupita kwa miguu yake.

NANI ALIPE?

Kuna jambo jingine linaloleta maneno nyumbani kwetu, nalo ni pesa. Baada ya Azimio la Arusha matibabu katika hospitali na zahanati za serikali yalikuwa bure. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, dawa ziliadimika, na "bure" ikawa bure kweli: unakwenda bure, unarudi bure. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wananchi sehemu ya gharama. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio huko Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Fikra ya bima ni ile ile ya chama cha kuzikana, ambacho kila kijiji chetu kinakijua. Tunachanga tukiwa wazima, ili atakayepatwa asibaki peke yake. Tofauti ni kwamba chama cha kuzikana humngoja mtu afe, na bima humsaidia asife. Mtu anayesema, "Mimi siugui, kwa nini nichange?" amesahau kwamba hata kufa hakupanga, lakini kwenye chama cha kuzikana anachanga. Na kwa upande wao, wanaopokea michango wakumbuke kwamba mwenye kadi akikuta kabati tupu mara mbili, mara ya tatu hachangi.

MARBURG: MSIBA WA BIHARAMULO

Mfano wetu wa mwisho ni wa juzi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilayani Biharamulo. Mkoa wetu ulikuwa umeuona ugonjwa huo miaka miwili kabla, mwezi Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, ambako watu 9 waliugua na 6 wakafa. Biharamulo walihesabiwa wagonjwa 10. Wote 10 walikufa, na miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa afya. Wanane kati yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya.

Virusi vya Marburg hukaa katika popo wanaokula matunda. Vikimwingia mtu, huenea kwa wengine kwa njia ya damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Huanza kama malaria: homa kali, kichwa, uchovu. Baadaye huja kuhara, kutapika na pengine kutokwa damu. Kwa hiyo wanaoambukizwa kwanza ni wale wenye upendo: mama anayemfuta mgonjwa, ndugu wanaoosha maiti, muuguzi anayeshika mkono.

Rwanda, jirani yetu, ilipatwa na ugonjwa huo huo mwishoni mwa 2024. Waliugua watu 66, wengi wao watumishi wa afya, na waliokufa ni 15. Hapakuwa na dawa ya miujiza. Wagonjwa walitambuliwa mapema na kuuguzwa kwa karibu katika hospitali zenye vifaa. Tofauti kati ya 15 katika 66 na 10 katika 10 inapaswa kutunyima usingizi, wananchi na wakubwa pia.

Fikirini basi: mwananchi wa kijijini angewezaje peke yake kutofautisha Marburg na malaria? Hawezi. Hiyo ni kazi ya maabara, ya barabara inayopitika, ya zahanati yenye glovu. Lakini serikali nayo itajuaje kwamba katika nyumba fulani wamekufa watu wawili kwa homa ya ajabu, ikiwa jirani atanyamaza kwa kuogopa uchawi au kuogopa karantini? Haiwezi. Hapa mtu na jamii wanahitajiana kama jicho na mkono.

KUGAWANA MZIGO

Tukiyaweka pamoja haya yote, tunaona kwamba swali la "nani mwenye kosa?" limetupotezea muda mwingi. Swali lenye faida ni hili: "Nani aweza kufanya nini?" Kila mmoja adaiwe kile anachokiweza, wala asidaiwe asichokiweza. Kwa ufupi:

1. Nyumbani. Choo chenye kifuniko, kibuyu chirizi na sabuni kando yake. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Watoto na wajawazito walale ndani ya chandarua. Chanjo zikamilishwe. Mtoto akiharisha, apewe maji yenye ORS mara moja, aendelee kunyonya na kula, apelekwe zahanati akapate na vidonge vya zinki. Mtoto mlegevu, anayetapika kila kitu au anayetoa kinyesi chenye damu asingojeshwe hata saa moja.

2. Kijijini na katika jumuiya. Kisima kizungushiwe uzio, ng'ombe wapewe mahali pao pa kunywa. Mjane na mzee asiye na nguvu wachimbiwe choo kwa zamu. Kukitokea vifo vya kufuatana vyenye homa au kutokwa damu, msiguse maiti. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

3. Serikali na hospitali. Maji, dawa, watumishi wa kutosha, na lugha ya heshima. Haya si zawadi, ni wajibu. Kijiji kina haki ya kuuliza katika mkutano wake dawa zimefika lini na kiasi gani, na haki ya kujibiwa.

Sasa turudi kwa yule mama wa zahanati. Kama nyumbani kwake hakuna chombo cha kunawia, hilo ni lake, na aambiwe kwa upole. Kama choo kilititia na mume hayupo, hilo ni la majirani zake, yaani letu. Kama maji ni ya kunywa pamoja na ng'ombe, hilo ni la kijiji na halmashauri. Kama dawa zimekwisha, hilo ni la waliopewa kazi ya kuzileta. Mama alibebeshwa yote manne pamoja na mtoto mgongoni. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chetu, ni ugonjwa gani unaowapata watoto wengi zaidi? Je, chanzo chake kiko nyumbani, au kiko nje ya uwezo wa nyumba moja?

2. Tunamjua mgonjwa ambaye tulimlaumu badala ya kumsaidia? Tunaweza kufanya nini sasa?

3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulifanya kwa mikono yetu kabla ya kukutana tena? Andikeni jina la atakayelisimamia.

4. Ni jambo gani moja tusiloliweza, ambalo yatupasa kulipeleka kwenye mkutano wa kijiji? Nani atasimama kulisema?